Anayetema Hakunywa

Ndugu msomaji, kama unasoma haya huku unakula, sukuma sahani kando kwanza. Mimi tangu Jumapili ile chai ya rangi ndiyo pekee inayokaa tumboni, na hata hiyo naikagua mara mbili kabla ya kuinywa.

Mliponiacha wiki jana nilikuwa nimefutwa kazi kwenye kampuni ya kupakia majani ya chai, Industrial Area, baada ya miaka kumi na mmoja. Kwa hasira nililewa siku tatu mfululizo, na ya tatu ikawa Jumapili. Nikasimama nje ya dirisha la kanisa letu, Shauri Moyo, nikaimba nyimbo ambazo si za kanisa. Wazee wakanitenga na Meza ya Bwana kwa miezi sita. Mke wangu Ayuma alilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Kisha kaka yake, Mulama, akanitafutia kazi. Hapo ndipo tulipoishia.

Mulama alikuwa mtu wa stoo kwa bwana mmoja aitwaye Walter. Stoo yenyewe iko karibu na Mukuru kwa Njenga. Nje ni mabati yenye kutu, ndani ni baridi ya kuvalia sweta. Walter huagiza divai nyekundu za zamani kutoka Bordeaux, huko Ufaransa, divai zilizokaa chupani miaka thelathini, arobaini. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, huwaita wateja kumi na wawili waje kuonja kabla ya kununua.

Kuonja ndiko kulikonipa kazi.

Kwenye chai, mwonjaji hupanga bakuli arobaini mezani. Huvuta chai kwa kijiko kwa kelele, huizungusha mdomoni, kisha huitema kwenye beseni refu la magurudumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma beseni. Waonjaji wakiniona nimesimama bure walinipa kijiko wanicheke. Mwaka wa tatu wakaacha kucheka. Gunia moja likilowa maji njiani kutoka Kericho, ulimi wangu ulilijua hata likichanganywa na mengine mia.

Walter alinijaribu kwa glasi tatu. Nikamwambia ya kati haikutoka shamba moja na zile mbili. Akanitazama kama mtu aliyeokota simu barabarani.

"Wewe utasimama mbele," akasema. "Utafungua, utaonja kwanza, utamimina. Wageni watapenda sana hiyo."

Tatizo lilikuwa moja. Mtu aliyetengwa kwa ulevi anawezaje kuajiriwa kuonja divai? Ayuma akanishika mkono, tukaenda kwa Mchungaji.

"Kazi yenyewe ni kunywa?" Mchungaji akauliza.

"Ni kuonja, Mchungaji," Ayuma akasema. "Anaweka mdomoni, anatema."

"Anatema yote?"

"Yote," nikasema. "Ukimeza hufiki chupa ya tano. Ulimi unalewa kabla yako."

Mchungaji alitafakari huku akikuna ndevu. Ni mtu mwema, lakini hupenda kutoa hukumu kama jaji.

"Basi anayetema hakunywa," akasema. "Nenda ukafanye kazi. Lakini siku utakayomeza, hata tone, utakuwa umejitenga mwenyewe."

Nikaapa mbele yake kwamba sitameza.

Sasa nifike kwenye lile linaloniletea kinyaa. Naanza na mimi mwenyewe kabla sijamgusa mtu mwingine.

Kanisa letu ni dogo, la mabati, na lilijitenga na kanisa mama kwa sababu ya ugomvi wa kinanda. Tangu hapo hatukuwa na wa kutuletea divai ya Meza. Miaka sita tumekoroga unga wa sharubati kwenye birika, rangi inabaki kwenye ulimi mpaka Jumanne. Mchungaji alikuwa akiona aibu kila alipoinua kikombe.

Wiki yangu ya pili kazini, Mulama aliniita nyuma ya stoo. Mkononi alikuwa na chupa iliyojaa, imezibwa upya.

"Niaje, shem. Hii ni mabaki ya meza. Peleka kwa kanisa yenu. Siku moja watu wa Mungu wakunywe kitu ya maana."

"Walter anajua?"

"Buda, chukua chupa uende."

Nikaichukua.

Mabaki ya meza. Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyemimina zile chupa. Mimi ndiye niliyezipindua moja moja na kuona hakuna kilichobaki isipokuwa machicha, yale matope meusi yanayokaa chini ya divai ya zamani. Nilijua hakuna mabaki. Nikapokea chupa iliyojaa mpaka shingoni, nikaifunga kwa gazeti, nikaenda nayo nyumbani nikipiga mluzi. Sikuuliza imejazwa na nini, kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Mchungaji aliinusa akafumba macho. Jumapili hiyo watu walitoka kanisani wakilamba midomo. Mimi sikuonja, maana nilikuwa nimetengwa, nilikaa benchi la nyuma pamoja na watoto. Chupa zilizofuata Mulama alizileta nyumbani mwenyewe.

Ndani ya mwezi mmoja mambo yetu yakageuka. Ayuma alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya Meza, yeye ndiye wa kuosha kikombe, kupiga pasi kitambaa cheupe na kumimina divai. Mwanamke anayeuza nguo za watoto za mitumba Gikomba, ambaye mumewe aliimba upuuzi dirishani, sasa akina mama wanamsubiri mlangoni wamsalimie. Alianza kutembea ameinua kidevu. Nilifurahi kumwona hivyo, nisiwadanganye.

Na Mchungaji akasema miezi sita imetosha kuwa minne. Jumapili ya pili ya mwezi nitarudishwa Mezani mbele ya watu wote.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilikuwa kazini. Wageni kumi na wawili, chupa kumi na mbili.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1982, mwaka ambao baba yangu alilala chini ya kitanda siku mbili hapahapa Shauri Moyo, risasi za jaribio la mapinduzi zikilia mjini. Divai ya namna hiyo haitikiswi. Unaishika kama mtoto mchanga. Kizibo chake kimeoza nusu, ukikivuta kwa pupa kinamwagika ndani kama makombo. Unawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, unamimina polepole, na machicha yakianza kutambaa kuja shingoni unaacha.

Nikaonja. Nikatema kwenye ndoo.

"Patrobas, waambie," Walter akasema.

"Inanuka zizi," nikasema. "Zizi la asubuhi, kabla halijafagiliwa. Halafu tumbaku. Halafu ngozi ya kiti cha zamani."

Wakapiga makofi. Mama mmoja daktari, midomo imepakwa rangi nyekundu nzito, akasema huyu bwana ana kipaji. Wakaanza kunusa glasi zao na kufumba macho, kila mmoja akitafuta zizi lake.

Mimi nilikimbia zizi Bungoma nikiwa na miaka kumi na saba. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisinuke ng'ombe. Na hawa wamekuja na magari makubwa mpaka Mukuru, wanaziba pua wakipita mtaro wa watu, kisha wanaingia ndani kutafuta mavi ya ng'ombe kwenye glasi. Nilitabasamu kwa sababu nalipwa kutabasamu.

Kuonja kwao ni kama kwa chai, ila kwa madaha zaidi. Wanazungusha, wananusa, wanavuta, wanasukutua mdomoni, kisha wananiita kwa kidole. Mimi naleta ndoo. Wanatema mbele yangu, nimeishika, na wengine hawana shabaha.

Mbaya zaidi alikuwa mzee mmoja muuza mashamba, Ndirangu. Alikuwa na kikohozi cha wiki mbili. Kila Walter akigeuka, Ndirangu alitoa mfukoni peremende ya kikohozi, ile kali inayofungua pua na kutoa machozi, akaitupa mdomoni. Ukiwa na kitu kile ulimini huwezi kuonja hata pilipili. Lakini alikuwa akisifu kuliko wote.

"Hii imetulia," alisema. "Hii ina heshima."

Kisha akakohoa, akatema, na peremende yenyewe ikatoka pamoja na divai ikaanguka ndooni, chubwi.

"Pole, kijana," akaniambia.

Nina miaka arobaini na mbili. Nikainamisha kichwa nikafuta mkono wangu kwa suruali.

Chupa ya sita ilikuwa imeharibika. Nilijua kabla haijafika ulimini. Kizibo kikiingia ukungu, divai hunuka gunia lililolowa likafungiwa stoo mwezi mzima. Ni harufu iliyonilisha miaka kumi na mmoja, siwezi kuikosa.

"Bwana Walter," nikanong'ona, "hii imekufa. Ni gunia tupu."

Kisigino cha Walter kikaja juu ya kidole changu cha mguu.

"Patrobas anasema hii ni ya kipekee," akawaambia wageni.

Wakanywa gunia. Ndirangu akasema inamkumbusha ghala la babu yake, na hapo kwa mara ya kwanza alisema ukweli bila kujua. Wote wakatema. Walter alimimina raundi ya pili ya chupa hiyo, wakatema tena.

Tulipomaliza, ndoo ilikuwa imejaa karibu nusu. Nimebeba mabeseni ya mate miaka mingi na sikuwahi kuona kinyaa, kwa sababu chai ya kuonja ni chai na inakwenda mtaroni. Lakini hii ilikuwa nzito, rangi ya maini, ina povu pembeni. Makombo ya mkate yalielea. Nyuzi za mate zilining'inia ukingoni, na rangi ya midomo ya yule daktari imeganda juu kama mafuta ya supu iliyopoa. Nikaibeba nimegeuza uso.

Mulama alinikuta mlangoni.

"Leta hiyo ndoo."

"Acha nimwage mwenyewe. Mimi ni mtu wa beseni tangu zamani."

"Zii. Wewe siku hizi ni mtu wa mbele. Hizi za nyuma niachie."

Akaichukua. Kisha akavuta kifuniko kutoka rafuni, akaifunika vizuri, akakibonyeza pande zote.

Nikamwona. Nani hufunika kitu anachokwenda kumwaga? Swali hilo lilinijia, na nikaondoka nalo mpaka kituo cha Muthurwa, nikaliacha hapo. Nilikuwa na siku kubwa kesho.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, Mama Nakhumicha, ametoka Bungoma kuja kunishuhudia nikirudishwa. Alikuja na kuku wawili na ndizi, na magoti yake mabovu. Kwetu mwana mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hamsalimii kwa mkono, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Na sisi tuna chumba kimoja. Kwa hiyo Ayuma alikuwa ametandika shuka kwenye kamba katikati ya nyumba. Mimi upande wa mlango, mama upande wa kitanda.

"Ayuma," sauti ikatoka nyuma ya shuka, "mwambie baba ya watoto nimefurahi."

"Mama amefurahi," Ayuma akasema.

"Mwambie Mama nashukuru," nikasema.

"Anashukuru."

"Mwambie mimi nilipigwa maneno sana huko nyumbani kwa sababu yake. Watu walisema binti yangu ameolewa na chupa. Mwambie kesho naenda kuonyesha uso wangu. Nitapiga magoti hapo mbele hata kama magoti hayataki."

Ayuma hakuyarudia hayo. Alinitazama tu, macho yamejaa maji. Mimi nikaona ni furaha.

Juu ya kabati kulikuwa na chupa mpya, imezibwa.

"Mulama amepita?"

"Amepita saa hii tu, kwa bodaboda. Ni ya kesho."

"Hebu nionje tone. Nijue ni ipi."

"Hapana."

"Nitatema."

"Nimesema hapana, Patrobas. Hiyo imeshatengwa."

Alikuwa akipangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa. Alipangusa, akaiweka, akairudia akapangusa tena. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema ni joto. Kisha akauliza kitu cha ajabu kidogo.

"Mchungaji akishaiombea, inakuwa kitu kingine, sivyo?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kabisa? Ya kwanza inaisha kabisa?"

"Ayuma, wewe ndiye mwenyekiti wa Meza. Unaniuliza mimi niliyetengwa?"

Akacheka kidogo, akaenda kuchinja kuku.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mikono kichwani, akasema ndugu yetu alipotea na amepatikana. Watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja aliyenivuta dirishani siku ile ya nyimbo alinikumbatia. Nililia, na sikuona haya kulia.

Tukapiga magoti kwenye ukingo wa mbao mbele ya Meza. Ayuma alikuwa ameshapanga. Mimi kwanza, yeye katikati, Mama Nakhumicha baada yake. Wahubiri husema ndani ya Kristo hakuna mkwe, lakini hata wao wakija na wakwe zao hupanga hivyohivyo, ili kikombe kisitoke mdomo wa mkwe kikaenda moja kwa moja kwa mkwe.

Mkate ukapita. Kisha Mchungaji akainama mbele yangu na kikombe.

"Damu ya Bwana wetu, iliyomwagika kwa ajili yako."

Nikavuta funda kubwa mdomoni. Miezi minne nilikuwa nimeisubiri.

Ulimi wangu haujui kusali. Unajua kazi yake tu, na ukaianza kabla sijasema amina.

Ukasema, divai kuukuu, Bordeaux.

Ukasema, si moja, ni nyingi pamoja.

Ukasema, zizi.

Kisha likaja gunia bichi, lenye ukungu, mwezi mzima stoo. Nikafungua macho. Na nyuma ya gunia, ikipanda polepole kuelekea puani, ikaja baridi kali ya kutoa machozi.

Peremende.

Hakuna hata divai moja kati ya zile kumi na mbili iliyokuwa na peremende. Mimi ndiye niliyezionja zote. Peremende ilikuwa ya mtu mmoja, na niliiona kwa macho yangu ikiangukia wapi.

Sikumeza. Mwili wenyewe ulikataa, ukaifungia divai shavuni kama nilivyofunzwa kwenye chai. Nilikuwa na mdomo uliojaa kikohozi cha Ndirangu na rangi ya midomo ya daktari na makombo ya meno ya watu kumi na wawili, nimepiga magoti mbele ya Mungu, na kanisa zima linanitazama kwa upendo.

Nikawafikiria wote waliokunywa miezi hii. Bibi mjane wa kiti cha kwanza, asiye na jino, ambaye huomba apewe funda la pili. Mzee aliyenikumbatia. Mchungaji mwenyewe, ambaye humaliza kinachobaki asikimwage, kwa heshima. Na ya kwanza niliileta mimi, nikipiga mluzi.

Kikombe kilikuwa kimehamia kwa Ayuma.

Nikataka kumzuia, lakini nitasemaje na mdomo umejaa? Nikamgusa kwa kiwiko. Hakugeuka. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, akakiinamisha midomoni.

Nimewaangalia watu wakionja miaka kumi na mmoja. Ninatazama koo, si mdomo. Mdomo hudanganya.

Koo la Ayuma halikutikisika.

Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa. Divai ilifika pale ikarudi. Akashusha kikombe, akajipangusa, akasema amina kwa sauti nzuri.

Alijua.

Sijui alijua tangu chupa ya ngapi. Lakini mtu asiyejua hunywa. Nikayakumbuka maswali yake ya jana, kama ya kwanza inaisha kabisa, na nikahisi kinyaa kingine kipya, kibaya kuliko cha mdomoni, maana hiki kilikuwa cha mwanamke ninayelala naye na kumpenda. Alikuwa ameyafumba macho sasa, amebana mikono, na Mchungaji alikuwa ameshapiga hatua moja kuelekea kwa mama yake.

Mama Nakhumicha alikuwa ameinua uso na kufungua mdomo tayari, kama mtoto.

Nilikuwa na njia mbili za kuufungua mdomo wangu. Kutema hapo, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya Meza, kitu ambacho kanisa zima linaamini ni Damu ya Bwana. Au kumeza.

Nikameza.

Ilishuka yote, ya moto kwanza halafu baridi ya peremende nyuma yake, na macho yakanitoka machozi.

"Mama, usinywe."

Nilimsemesha mama mkwe ana kwa ana, kwa sauti, mbele ya watu. Mtu nyuma yangu akavuta pumzi. Mama Nakhumicha akageuza uso haraka ukutani asinione. Kikombe kikasimama hewani.

"Patrobas," Mchungaji akasema taratibu, "kwa nini asinywe?"

"Kwa sababu hiyo si divai, Mchungaji. Hayo ni..."

"Amelewa," Ayuma akasema.

Alisema bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nguo.

"Ayuma."

"Amelewa, Mchungaji. Alirudi jana kutoka kwa ile kazi akinuka. Nilinyamaza kwa sababu ya Mama. Nilitaka arudishwe. Mnisamehe."

"Ayuma, unajua ninachosema."

"Mnuseni."

Mchungaji akainama akaleta pua karibu na mdomo wangu. Nilikuwa nimemeza funda la divai ya miaka thelathini sekunde tano zilizopita. Akanyooka, na nikaona uso wake ukijifunga kama mlango wa duka.

"Ulimeza?" akaniuliza.

"Nimemeza sasa hivi. Ilibidi nimeze ili niseme."

Mtu akacheka nyuma. Wazee wawili walishaanza kuja, na mmoja wao ni yule aliyenikumbatia. Wakanishika kwapani. Nikang'ang'ania ukingo wa mbao.

"Ni mate, Mchungaji. Nisikilize. Ni mate ya watu, yametoka kwenye ndoo. Mwulize Mulama. Mwulize mke wangu kwa nini hajameza."

"Mimi?" Ayuma akasema. "Mimi nimeshiriki. Wote wameona."

Na kweli wote walikuwa wameona.

Mama Nakhumicha ndiye aliyemaliza ubishi. Bado alikuwa amegeuzia uso wake ukutani, kwa heshima, hata wakati ule.

"Mchungaji," akasema, "leta kikombe."

"Mama," Ayuma akasema, "ngoja kidogo. Wacha waondoe huyu kwanza. Tutakuletea baadaye, nyumbani."

"Sijatoka Bungoma na magoti haya nije nifundishwe Meza ya Bwana na mlevi. Wewe umekunywa, mwanangu?"

Ayuma alikitazama kikombe.

"Nimekuuliza, umekunywa?"

"Nimekunywa, Mama."

"Basi na mimi nitakunywa. Leta."

Mchungaji akampelekea. Mikono ya mama ilikifunika kikombe chote. Hakunywa kidogo kama watu wengine wa heshima. Alikunywa kama mtu aliyesafiri, funda, na funda jingine, mpaka nikaona ngozi ya koo lake kuukuu ikipanda na kushuka mara tatu. Wazee walikuwa wameniachia kidogo ili watazame, na kanisa likasema amina.

Ayuma akatoa sauti ndogo. Akaziba mdomo kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Hakuwa amemeza chochote asubuhi ile, hata chai, lakini vikamtoka vitu vya jana, vikapita katikati ya vidole, vikamwagika juu ya ukingo na juu ya kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe.

Mchungaji aliangalia kikombe alichokishika, kisha akamwangalia mwenyekiti wake wa Meza, akakishusha.

Mama Nakhumicha aligeuka polepole kutoka ukutani. Alinitazama mimi usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, kisha akamtazama yeye. Alipitisha ulimi kwenye midomo yake, mara moja, kama anayetafuta kitu.

"Ayuma," akasema. "Umeninywesha nini?"